Jinsi ya Kupata Mwongozo wa Kifaa cha Zamani cha Upimaji Ardhi: Kuanzia Bamba la Jina Hadi Kitabu Chenyewe

Ukiandika "mwongozo wa theodolaiti ya zamani" kwenye mtambo wa kutafutia, utapata rundo la matangazo ya minada, picha za mapambo ya ofisini, na labda faili moja ya kifaa ambacho si chako. Wengi huishia hapo wakiamini kitabu kilipotea pamoja na kiwanda. Mara nyingi si kweli. Miongozo mingi ya theodolaiti (vifaa vya kupimia pembe), leveli (vya kupimia tofauti za kimo), dira na vipimaumbali vya karne iliyopita ipo, na sehemu kubwa imeshaskaniwa. Kinachokosekana ni jina sahihi la kuitafutia. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu kukitambua kifaa chenyewe. Ukishakijua kwa jina, aina na kizazi, kukitafuta kitabu chake ni kazi ya jioni moja au mbili.

Anza na sanduku

Kabla hujagusa kompyuta, toa kifaa, kiweke mezani penye mwanga, kisha rudi kwenye sanduku lake. Viwanda vilizoea kubandika maelekezo ndani ya kifuniko: namna ya kukilaza kifaa, skrubu zipi zilegezwe kabla ya kukitoa, wakati mwingine hata mchoro wa jinsi ya kusoma pembe. Inua kitambaa au sponji iliyolegea. Angalia mfuko mdogo wa ngozi au plastiki wenye brashi ya kufutia lenzi na pini za kurekebishia. Nimewahi kukuta kadi iliyokunjwa mara nne chini ya mfuko wa namna hiyo, imegandamana na kutu ya pini. Nilipoikunjua ilikuwa karatasi ya ukaguzi wa kiwandani, ina aina ya kifaa, namba yake na mwaka. Kitabu sikukipata ndani ya sanduku lile, lakini kadi hiyo ilinipa kila nilichohitaji kukitafuta.

Sasa piga picha. Si moja ya kifaa kizima, piga nyingi za karibu: bamba la jina, kila namba iliyochongwa, kila neno lililoandikwa kando ya skrubu au kirungu, kitako kinachokaa juu ya miguu mitatu, na mwonekano wa ndani ya kijidarubini cha kusomea pembe. Hii ya mwisho ni ngumu kidogo. Elekeza kioo cha kuingizia mwanga kwenye dirisha, kisha sogeza kamera ya simu taratibu kwenye lenzi ya jicho mpaka duara dogo la mwanga litokee. Picha hiyo ina thamani kuliko zote, kwa sababu mpangilio wa namba na mistari ndani ya kijidarubini hutofautisha aina ambazo kwa nje zinafanana kama mapacha.

Usilazimishe kitu chochote kinachogoma kuzunguka. Grisi ya zamani huganda kama gundi, na kirungu kilicholazimishwa huvunja meno ya shaba ambayo hakuna kitabu kitakachoyarudisha.

Lisome jina kama linavyojieleza

Viwanda havikutoa majina kwa kubahatisha. Ukiijua desturi ya kila kimoja, herufi mbili tatu zinakwambia mengi.

Chukua Wild ya Heerbrugg, Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1921 na Heinrich Wild na wenzake. Herufi T ni theodolaiti: T0, T1, T16, T2, T3, T4. Herufi N ni leveli ya kiputo: N2, N3. NA ni leveli inayojisawazisha yenyewe, na ukikuta NAK basi ile K inaonyesha leveli ina duara la pembe za mlalo. Kwa hiyo mwenye NAK2 akipata mwongozo wa NA2 amepata karibu kila kitu isipokuwa kurasa za duara. Vivyo hivyo T1A ni T1 yenye uwekaji wa pembe za wima unaojifanya wenyewe; A hiyo moja inabadilisha sura nzima ya kitabu.

Vifaa vya Kisovieti vina jina linalojieleza zaidi ya vyote. Chukua 3T5KP. Tarakimu ya kwanza ni kizazi, yaani cha tatu. T ni theodolaiti. Tano ni usahihi wake kwa sekunde za pembe. K ni kompensata, yaani kiungo kinachojisawazisha ndani ya kifaa. P ya mwisho (kwa maandishi yao ni П) ina maana kwamba picha inaonekana wima, haikupinduliwa. Hivyo 2T30 ni kizazi cha pili, cha sekunde 30, kisicho na kompensata, chenye picha iliyopinduliwa. Jihadhari tu na T2 ya Kisovieti: ina jina sawa na T2 ya Wild lakini ni vifaa viwili tofauti, na ukitafuta bila kutaja kiwanda, majibu yatachanganyika.

Zeiss ndiyo inayowachanganya watu kuliko wote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni iligawanyika: moja Jena upande wa mashariki, nyingine Oberkochen upande wa magharibi. Zote mbili ziliendelea kutengeneza vifaa vya upimaji na majina yakakaribiana. Leveli iitwayo Ni 2 ni ya Oberkochen, ilitoka mwaka 1950 na kufungua njia kwa leveli za kompensata. Leveli za Ni 002 na Ni 007 ni za Jena. Th 2 ni Oberkochen. Theo 010, Theo 020 na Theo 030 ni Jena. Juu ya hapo, kwa sababu ya mgogoro wa haki ya jina, vifaa vya Jena vilivyouzwa nchi za magharibi mara nyingi viliandikwa "aus Jena" au "Jenoptik" bila neno Zeiss. Mtu ana kifaa kilichoandikwa "aus Jena" anadhani ni kiwanda kisichojulikana, kumbe miongozo yake iko tele chini ya jina la Carl Zeiss Jena.

Kern ya Aarau, nayo ya Uswisi, ilitumia DKM kwa theodolaiti za usahihi mkubwa (DKM1, DKM2, DKM3), K kwa theodolaiti za kazi za kawaida, na GK kwa leveli. MOM ya Budapest ilianza majina na Te: Te-B1, Te-D1. Uingereza utakutana na Cooke, Troughton & Simms, kampuni iliyotokana na muungano wa mwaka 1922, na Watts ambayo mwaka 1948 ikawa Hilger & Watts. Marekani kuna Gurley ya Troy, Keuffel & Esser inayofupishwa K&E, Berger ya Boston, na wengine.

Jambo moja la kuchunga: jina lililochongwa kubwa kuliko yote huenda ni la muuzaji. Maduka ya vifaa yalinunua kutoka kiwandani na kuchonga jina lao. Ukikuta jina la duka lakini umbo, skrubu na sanduku vinafanana kabisa na vya kiwanda fulani, tafuta chini ya jina la kiwanda hicho.

Kizazi cha kifaa kina uzito kuliko aina yake

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, na ningependa mwingine asipite njia hiyo.

Theodolaiti ya Wild T2 ilitengenezwa kwa miongo mingi, kuanzia miaka ya 1920, ikiwa na jina lilelile. Zile za zamani zina kiputo cha pekee cha duara la wima. Kabla ya kusoma pembe ya wima, unazungusha skrubu yake mpaka ncha mbili za kiputo zinazoonekana kwenye prizimu zikutane na kuwa tao moja. Zile za baadaye hazina kiputo hicho. Kuna kompensata inayofanya kazi hiyo yenyewe. Mimi nilikuwa na ya zamani, nikapakua mwongozo wa ya baadaye, nikaufuata neno kwa neno. Kila nilipoweka upya miguu mitatu mahali palepale, pembe ya wima ya nguzo ileile ya mbali ilikuja tofauti, mara kwa sekunde 20, mara kwa 40. Jumla ya usomaji wa nyuso mbili (kabla na baada ya kupindua darubini) haikubadilika, kwa hiyo nilijiaminisha kwamba kifaa ni kizima. Kosa lilikuwa kwamba sikuwahi kukigusa kile kiputo, maana kitabu nilichokuwa nacho hakikukitaja. Nilipopata toleo la zamani, ukurasa mmoja tu ulinieleza.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta, andika majibu ya maswali haya kwenye karatasi:

– Picha kwenye darubini inaonekana wima au imepinduliwa? Vifaa vya zamani vingi hupindua.
– Duara limegawanywa kwa digrii 360 au goni 400? Zungusha na utazame namba kubwa kabisa kabla ya kurudi sifuri.
– Pembe inasomwaje: kwa vernia (skeli ndogo ya kusomea sehemu ndogo za mgawanyo) nje ya duara, kwa skeli ndani ya kijidarubini, kwa mikromita, au kwa kuoanisha mistari ya pande mbili za duara?
– Kuna kiputo cha duara la wima au hakuna?
– Kitako kinashikaje kwenye miguu mitatu?

Swali la usomaji lisipuuzwe. Kwenye Wild T3, kwa mfano, mistari huoanishwa mara mbili na namba mbili za mikromita hujumlishwa ndipo zipatikane sekunde kamili. Anayeichukulia kama T2 na kusoma mara moja anapata nusu ya sekunde zinazotakiwa, na hakuna kitu kwenye kifaa kitakachomwonya.

Kwa mwaka wa kutengenezwa, tumia namba ya mfululizo. Kwa Wild na viwanda vingine vikubwa, wapenzi wa vifaa hivi wameandaa majedwali yanayolinganisha namba na miaka. Jedwali likisema mwaka 1958 basi tafuta mwongozo uliochapishwa karibu na hapo. Mwongozo wenyewe huwa na alama ya uchapaji kwa herufi ndogo sana, chini ya ukurasa wa mwisho au nyuma ya jalada. Kwa Wild ni mchanganyiko wa herufi na namba, na mara nyingi kuna herufi ndogo ya lugha: d Kijerumani, e Kiingereza, f Kifaransa, s Kihispania. Ukipata nakala ya lugha usiyoijua, nakili alama hiyo, badilisha herufi, utafute tena.

Kampuni iliishia wapi?

Kiwanda kikifungwa, nyaraka huhama na mali. Kujua mlolongo kunakusaidia kuchagua mlango wa kubisha na maneno ya kutafutia.

Wild ikawa Wild Leitz, kisha Leica, na leo ni Leica Geosystems chini ya Hexagon. Kern ilinunuliwa na Wild Leitz mwaka 1988. Vifaa vya upimaji vya Zeiss na vile vya Geodimeter vya Uswidi vilipitia Spectra Precision, ambayo Trimble iliinunua mwaka 2000. Sokkia, ambayo zamani iliitwa Sokkisha, iliingia Topcon mwaka 2008. Gurley ilinunuliwa na Teledyne mwaka 1968. Cooke, Troughton & Simms ikawa Vickers Instruments.

Kuziandikia kampuni hizi za leo si kupoteza muda, lakini usiweke matumaini yote hapo. Mtu wa huduma kwa wateja amezoea vifaa vya kielektroniki vya miaka ya karibuni. Ukimpa aina kamili, namba ya mfululizo na picha ya bamba, anaweza kukufikisha kwa mtu wa makumbusho ya ndani ya kampuni. Ukimwandikia "nina theodolaiti ya babu" hatakuwa na pa kuanzia.

Hifadhi za waliowahi kufanya kazi viwandani zina msaada zaidi. Kwa Wild Heerbrugg kuna hifadhi ya mtandaoni yenye vipeperushi, miongozo na historia ya kila aina. Kwa Kern kuna mkusanyo unaotunzwa Aarau. Anza na hizo kabla ya mahali pengine popote.

Maneno ya kutafutia

Andika jina la kiwanda na aina ndani ya alama za kunukuu, kisha ongeza neno la mwongozo kwa lugha inayofaa. Kwa Kiingereza jaribu "instructions for use", "instruction manual", "operator's manual" na "handbook", kila moja peke yake, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na mazoea yake. Kijerumani: "Gebrauchsanweisung", "Gebrauchsanleitung", "Bedienungsanleitung". Kifaransa: "mode d'emploi" na "notice". Kirusi, andika kwa herufi zao: "паспорт" na "инструкция по эксплуатации". Usishangae na neno paspoti: vifaa vya Kisovieti viliuzwa na kijitabu chenye jina hilo, kikiwa na maelezo ya matumizi pamoja na matokeo ya ukaguzi wa kifaa hicho hicho.

Jaribu jina kwa maandishi tofauti: T2, T-2, T 2, Ni2, Ni 2, NI-2, Theo 010, Theo010. Mashine za kusoma maandishi kwenye skani hukosea sana tarakimu sifuri na herufi O, kwa hiyo jaribu hata "Theo O1O". Inaonekana ni upuuzi lakini nimewahi kupata faili kwa njia hiyo.

Tafuta pia picha, si maandishi peke yake. Jalada la mwongozo likionekana kwenye tangazo la mnada wa zamani, soma kwenye picha jina kamili na alama ya uchapaji. Mnada umeshaisha lakini sasa unajua kitabu kinaitwaje.

Ukifuata kiungo na ukurasa haupo tena, nakili anwani yake na uibandike kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Kurasa nyingi za wapenzi wa vifaa hivi zilitengenezwa miaka ya mwanzo ya intaneti na waliozitunza wameacha. Faili zao mara nyingi zimebaki humo.

Mahali pa kuchimba

Kwa vifaa vya karne ya 19 na mwanzo wa 20, nenda moja kwa moja kwenye maktaba za mtandaoni: Internet Archive, HathiTrust na Google Books. Zamani zile kiwanda hakikuchapa kijitabu kwa kila kifaa. Kilichapa kitabu kimoja kinene kinachoeleza vifaa vyake vyote, matumizi, marekebisho na bei. Gurley ilianza kutoa kitabu cha namna hiyo katika miaka ya 1850 na ikaendelea kukichapa upya kwa miongo kadhaa. Kina maelekezo kamili ya dira za upimaji, transiti (theodolaiti za Kimarekani) na leveli zake. Katalogi za K&E na wengine nazo zina kurasa za maelezo zinazotosha kuelewa kila skrubu. Kwa hiyo mwenye dira ya vernia ya miaka 130 asitafute "mwongozo", atafute katalogi ya kiwanda ya mwaka ulio karibu. HathiTrust huruhusu kutafuta neno ndani ya vitabu hata pale isipokuruhusu kuvisoma; ukijua ukurasa ulipo, huenda ukaupata kitabu hicho hicho wazi Internet Archive. Kisheria, kilichochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru kwa wote.

Makumbusho ya Smithsonian ya historia ya Marekani yameweka mtandaoni mkusanyo wake wa vifaa vya upimaji, kila kimoja na maelezo mafupi ya kiwanda, mwaka na matumizi. Si miongozo, ila ni mahali pazuri pa kulinganisha picha zako.

Kwa vifaa vya katikati ya karne ya 20, kuna mlango ambao wengi hawaufikirii: jeshi. Mizinga inahitaji upimaji, na jeshi la Marekani lilitumia Wild T16 na T2 kwa miaka mingi. Jeshi linapopokea kifaa huandika mwongozo wake lenyewe, kwa lugha nyepesi, kwa askari kijana ambaye hajawahi kukiona. Kitabu chao cha upimaji wa mizinga, FM 6-2, kinaeleza theodolaiti hizo hatua kwa hatua: kuzitoa kwenye sanduku, kuzisimamisha, kusoma pembe, kuzikagua. Kuna pia miongozo ya kiufundi inayoanza na TM 5-6675. Tarakimu 6675 ni fungu la vifaa vya uchoraji, upimaji na ramani katika mfumo wao wa bohari. Andika "TM 5-6675" na jina la kifaa chako uone. Kwa kuwa ni kazi za serikali ya Marekani, hazina hakimiliki nchini humo na zimesambaa. Kwa maoni yangu baadhi yake zinafundisha vizuri kuliko vitabu vya kiwandani, ambavyo vilidhani msomaji tayari ni mpimaji. Tena zina maonyo ambayo vijitabu vingine havina, kwa mfano kuhusu dira na vifaa vya usiku vilivyopakwa rangi ya radiamu, yenye mionzi ya hatari, ili ing'ae gizani. Ukiwa na kifaa cha kijeshi chenye namba zinazong'aa au zilizowahi kung'aa, usikifungue wala usikwangue rangi hiyo.

Idara za serikali za upimaji ni mlango mwingine. Idara ya Marekani ya upimaji wa pwani na jiodesia ilichapa machapisho maalumu kama namba 239 la mwaka 1948 kuhusu upimaji wa usahihi kwa leveli na namba 247 la mwaka 1950 kuhusu upimaji kwa pembetatu. Maktaba ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, imeyaweka wazi. Humo utaona jinsi vifaa vilivyotumika uwandani, makosa yanayotarajiwa na mpangilio wa daftari.

Kwa vipimaumbali vya kielektroniki vya mwanzo, kama Tellurometer iliyobuniwa na Trevor Wadley Afrika Kusini miaka ya 1950, Geodimeter ya Erik Bergstrand, au Distomat DI10 ya Wild ya mwaka 1968, mwongozo wa mtumiaji haukutoshi. Tafuta na wa fundi wenye michoro ya umeme. Vifaa vya Hewlett-Packard vina bahati: jarida la kampuni lilieleza kwa undani vilivyobuniwa na kazi ya kila sehemu, na matoleo yake yako mtandaoni.

Na hataza usizisahau. Bamba likiwa na namba ya hataza au tarehe yake, iingize Google Patents au Espacenet. Utapata mchoro wa ndani wenye sehemu zilizopewa namba na maelezo ya kila moja. Hati ya hataza haikufundishi kupima, lakini inakwambia kile kirungu kisicho na jina kinafanya nini.

Kuwauliza watu

Wapimaji wastaafu, mafundi wa kurekebisha vifaa, wakutubi wa vyuo vinavyofundisha upimaji na idara za ramani: hawa wana makabati ambayo hayajaskaniwa na mtu. Ombi lako liwe fupi lenye kila kitu. Mfano:

"Habari za kazi. Ninatafuta mwongozo wa matumizi wa theodolaiti ya Kern DKM2, namba ya mfululizo hii kwenye picha. Duara lake ni la goni 400 na picha ya darubini imepinduliwa. Nimeshapata katalogi, lakini sina maelezo ya kusoma mikromita wala ya kurekebisha kiputo. Lugha yoyote inafaa. Nikipata nakala nitaiskani yote na kukutumia faili. Naambatisha picha nne. Natanguliza shukrani."

Mpokeaji akisoma hivyo anajua umeshahangaika mwenyewe, anajua cha kutafuta kabatini, na anajua atafaidika. Ukimwomba mkutubi, mwombe pia aangalie vitabu vya kufundishia vya miaka ileile. Vitabu hivyo vilikuwa na sura nzima za vifaa maarufu, na michoro ilitolewa viwandani.

Wanaouza faili za miongozo wapo. Kabla ya kulipa, waombe picha ya ukurasa wa yaliyomo na ya ukurasa wenye alama ya uchapaji. Asiyetaka kukuonyesha kurasa mbili, achana naye.

Nakala ikifika, ikague

Hesabu kurasa. Michoro mikubwa iliyokunjwa ndiyo hupotea kwanza, kwa sababu aliyeskani hakuikunjua. Kisha fungua mchoro wenye namba za sehemu, uweke kando ya kifaa na uguse kila sehemu moja baada ya nyingine: skrubu ya kukazia, skrubu ya mwendo mdogo, kirungu cha kubadilisha kati ya duara la mlalo na la wima, kioo cha mwanga. Sehemu mbili tatu zikikosekana au zikizidi, una toleo la kizazi kingine. Linganisha pia picha yako ya ndani ya kijidarubini na mfano wa usomaji uliomo kitabuni.

Soma sura ya marekebisho mara mbili kabla ya kushika pini. Vitabu vizuri vinatenganisha yale ambayo mtumiaji anaruhusiwa kurekebisha na yale ya karakana. Mpaka huo uheshimu.

Ikishindikana kabisa

Kuna vifaa ambavyo kitabu chake hutakipata. Hapo tumia cha ndugu yake wa karibu, kisha kifaa chenyewe kikufundishe tofauti.

Kwa theodolaiti, lenga nukta moja ya mbali kwa uso wa kushoto, soma pembe ya mlalo na ya wima, pindua darubini, lenga tena kwa uso wa kulia. Pembe za mlalo zitofautiane kwa digrii 180 kamili, au goni 200. Kama kuna ziada, nusu yake ndiyo kosa la mstari wa kulengea. Kama duara la wima linaanzia sifuri juu utosini, pembe mbili za wima zijumlike kuwa 360, au goni 400. Zikijumlika namba nyingine kabisa, umejifunza kwamba duara lako linahesabu kwa mpangilio mwingine.

Kwa leveli, simika bakora mbili za kupimia, A na B, umbali wa mita 60, weka leveli katikati na usome. Tuseme A ni 1.420 na B ni 1.135: tofauti ni 0.285, nayo ni ya kweli hata kama leveli ina kosa, kwa sababu umbali ni sawa. Sasa sogeza leveli mpaka karibu na A. Ukisoma 1.512 kwenye A, unatarajia 1.227 kwenye B. Ukipata 1.239, kifaa kinalenga juu kwa milimita 12 katika mita 60. Rudia siku nyingine kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Kila unachokigundua, kiandike. Chora kifaa pande mbili, zipe sehemu namba, bandika picha ya usomaji na uandike chini yake namba unayoisoma na ulivyoipata. Iskani kwa nukta 300 kwa inchi, michoro kwa 600, na uipe faili jina lenye kiwanda, aina, mwaka, lugha na alama ya uchapaji kama ipo, ili anayetafuta kesho aikute kwa maneno uliyoyatafuta wewe. Ipandishe Internet Archive kama sheria inaruhusu. Kisha chapa nakala moja, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki na uirudishe ndani ya sanduku, chini ya mfuko wa pini.